Glovu za Mama

Jumamosi tulimaliza arobaini ya mama. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, sisi wanawake wa nyumba ile tukakaa sebuleni kugawa nguo zake. Hazikuwa nyingi. Kanga, vitenge, sare mbili za WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), sweta la bluu la baridi ya Julai, na kandambili ambazo hakuna aliyezitaka wala aliyethubutu kuzitupa. Shangazi alikuwa akiinua moja moja, anaitazama, anampa mtu. Alipofika chini kabisa ya sanduku akatoa mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019, na ndani yake glovu nyeupe za kitambaa.

"Na hizi je? Wifi alikuwa bibi harusi wa nani?"

Wakacheka wote. Mimi nikanyoosha mkono, nikazichukua, nikazitia kwenye pochi. Hakuna aliyeniuliza, na nashukuru.

Sasa nimerudi Arusha, ni usiku, watoto wamelala, na hizo glovu ziko hapa mezani.

Kwetu ni Kibosho, upande wa juu, ambako asubuhi ukifungua mlango Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko hapo kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Ukiwasikiliza watu wanaoijua Moshi kwa juu juu, watakuambia kahawa ndiyo iliyosomesha Wachaga. Babu angekubaliana nao. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933 yeye alikuwa kijana, na mpaka anazeeka aliutaja mwaka huo kama watu wengine wanavyotaja mwaka wa harusi yao. Sibishi. Kwa wengi ilikuwa hivyo. Ila nyumbani kwetu, ada yangu mimi ililipwa na ndizi, na ndizi ni mama.

Asiyekulia kwenye kihamba, shamba linalozunguka nyumba, huenda asielewe tofauti, maana mikahawa na migomba vimeota pamoja, mgomba ukiukingia mkahawa jua. Lakini kahawa ilikuwa ya baba. Hakukuwa na mjadala. Mama alichuma cheri, akazungusha mashine ya kumenya, akaosha, akaanika kwenye meza za waya, akakaa akichagua mbovu moja moja. Baba alipopiga dawa, maji ya kuchanganyia yalitoka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, yakaja juu ya kichwa cha mama. Kahawa ikikauka, gunia linapelekwa chama cha msingi, na kitabu kina jina moja tu. Sisemi baba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na katika ile tabia ya kijiji alikuwa afadhali kuliko wengi. Lakini kitabu kilikuwa na jina moja.

Mwaka 1989 nilianza darasa la kwanza. Ndio mwaka ule mgao wa mauzo ya kahawa uliokuwa umekubaliwa kati ya nchi na nchi ulisimamishwa, na bei duniani ikaporomoka. Hayo nimeyasoma ukubwani. Nilichokiona mimi ni baba kurudi kutoka chamani saa nane mchana na kulala na viatu. Sijawahi kumwona akilala mchana kabla ya hapo.

Mama hakusema kitu. Kesho yake akaamka saa kumi usiku badala ya saa kumi na moja. Basi. Huo ndio ulikuwa mpango wake wa uchumi.

Saa ile ya ziada aliitumia kwenye ndizi. Alikuwa anakata mkungu wa mchare, zile ndizi za kupika, anautia kichwani na kushuka nao hadi barabarani kusubiri haisi ya kwenda soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Nikiwa likizo nilimfuata na chane zangu mbili tatu kwenye kikapu. Njiani haongei. Sokoni ndiko alikoongea, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa, anacheka, anatania wateja kwa Kichaga na Kipare cha kuokoteza, anamwambia mnunuzi mbishi arudishe mkono mfukoni kwa sababu ndizi haziliwi kwa macho. Siku nyingine nilimtazama nikajiuliza kwa nini huyu mama mchekeshaji hatuji naye nyumbani.

Mchana alishuka tena, safari hii tambarare, kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu hatoki bandani, analetewa. Mzigo ule wa majani ukimwona mtu kaubeba unaona miguu tu inatembea. Jioni maziwa. Wiki ambayo ada inakaribia, anapika mbege: ndizi mbivu anazichemsha, anaziacha zichachuke siku kadhaa, halafu anapika uji wa ulezi uliooteshwa, ukipoa anachanganya, na wazee wanakuja na sifa nyingi kuliko hela. Kuna wadeni wake ambao wamekuja msibani wakalia kuliko sisi. Sitawataja. Wanajijua.

Na katika kazi zote hizo, ndizi ndizo zilizomwachia alama. Utomvu wa ndizi mbichi ukikauka kwenye ngozi unakuwa mweusi, unaingia kwenye mistari ya vidole na pembeni ya kucha, na kwa mtu anayemenya kila siku hautoki tena. Kwenye nguo ndio usiseme. Wengine hupaka mikono mafuta kabla ya kumenya. Nilimwuliza siku moja kwa nini hafanyi hivyo. Akanijibu, "Ukipaka mafuta ndizi inateleza, unajikata." Kwa hiyo mikono yake ilikuwa na rangi mbili: mgongo wa mkono ni wa mama, vidole ni vya ndizi.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, na nimezunguka sana.

Mwaka 1996 niliingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Siku ya wazazi mama akaja, kavaa kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani, kabeba kiburu kwenye hotipoti. Wazazi wa wenzangu wengine walikuja na magari. Sikumkana mama yangu, hilo sikufanya, nilimkumbatia na nikafurahi kweli. Ila rafiki yangu alipokuwa anakuja na mama yake kutusalimia, nilimsogelea nikamnong'oneza: "Mama, weka mikono ndani ya kanga."

Akaiweka. Akamsalimia yule mama kwa kichwa, akitabasamu, mikono iko ndani ya kanga kama mtu anayesikia baridi. Tulikula kiburu. Akaondoka na basi la saa tisa.

Hakuniambia neno. Lakini tangu siku ile, kila nilipoleta mgeni nyumbani, mikono yake ilikuwa inakwenda yenyewe ndani ya kanga. Mwanzoni nilidhani sijaona vizuri. Nilimleta mchumba wangu: kanga. Alipokuja bosi wangu kutoa pole baba alipofariki: kanga. Hata padri mgeni!

Na mwaka 2005, mahafali yangu ya chuo, Dar es Salaam, Novemba. Mnaijua Novemba ya Dar. Mama akashuka kwenye basi kavaa glovu nyeupe. Alizipata kwenye mitumba ya Kiboriloni, alinieleza kwa fahari kabisa, na alipatana bei mpaka muuzaji akachoka. Alizivaa kutwa nzima, jasho linamtoka, kwenye picha zote anaonekana kama mke wa balozi. Wenzangu walimpenda. "Mama yako ana mambo!" Nilicheka nao. Usiku nikalia bafuni, nimefungua bomba ili nisisikike.

Nilijaribu kulizungumza mara moja tu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili na yeye amekuja kuniuguza, anapika mtori. (Mtori wa mchare mtupu na nyama. Siku hizi mahotelini wanatia viazi, Mungu awasamehe.) Nikaanza: "Mama, ile siku kule shuleni, nilikwambia..."

"Siku gani?" akasema, bila kugeuka. "Hebu nipe huo mwiko."

Mpaka leo sijui kama alisahau au alinisaidia. Mimi nilimpa mwiko.

Presha ilimchukua kwa siku mbili. Sina nguvu ya kuandika habari hizo na hazina tofauti na za watu wengine.

Arobaini nilipanda Kibosho mapema, tangu Alhamisi. Ijumaa wakina mama wa jumuiya walikuja kumenya ndizi za wageni, mabeseni manne. Wakanipa kisu kwa heshima ile wanayompa mtu wa mjini, wakijua nitamenya tano nichoke. Jirani yetu akanisogezea kikopo cha mafuta. Nikamwambia hapana, ndizi itateleza. Akanitazama kidogo, akakirudisha. Hadi saa moja jioni vidole vyangu vilikuwa vimeanza kushika rangi, na Jumapili vilikuwa vyeusi kabisa.

Jumapili hiyo jioni, wageni wamepungua, nikashuka kaburini peke yangu. Mama tumemzika kihambani, pembeni ya baba, na masale, ile mimea ya majani marefu, yamepandwa kuzunguka. Mchaga akikukosea na anataka yaishe, anakuletea isale lililofungwa fundo, na ukishaletewa isale huna ruhusa ya kukataa. Ndivyo tulivyolelewa. Hakuna aliyenifundisha unafanyaje kama uliyemkosea amelala chini ya masale hayohayo.

Nikachuma moja. Nilikuwa sijafunga fundo la isale maisha yangu yote. Lile la kwanza likafunguka. La pili likashika. Nikaliweka juu ya udongo, upande wa kichwani, nikakaa kwenye jiwe nikiitazama mikono yangu, nikitafuta la kusema.

Bandani ng'ombe akaanza kulia. Akalia tena, kwa hasira. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na katika watu wote waliokuwepo pale nyumbani hakuna aliyekumbuka kumkatia majani. Nikanyanyuka kwenda kutafuta mundu.