Siku moja gereji Kizota: sabufremu ya nyuma ya Mini isiyotaka kukaa

Saa 1 asubuhi. Vipimo kwanza, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kuyumbisha timazi. Mini, gari lililoanza kuuzwa Uingereza 1959, haina chesisi, yaani fremu kuu ya chini. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na sabufremu mbili, fremu ndogo za chuma zinazoshika magurudumu, zinafungwa chini yake, mbele na nyuma. Bodi ikipinda, hata sabufremu mpya haikai.

Bodi ikishasimama juu ya stendi nne na kusawazishwa kwa pima maji, tunashusha timazi kutoka kila tundu la sabufremu ya nyuma. Usitie alama kwa chaki: mstari wake ni mnene kuliko kosa unalolitafuta. Bandika karatasi ya gundi sakafuni, uweke nukta kwa penseli iliyochongwa. Kisha pima kwa futi, kona kwa kona, mistari miwili inayokatizana. Tofauti ya milimita 2 kati yake tunaivumilia. Hii ina 7. Bati za chini ya milango zilikatwa pande zote mbili kwa mpigo bila kufungwa vyuma, sakafu ikalegea.

Saa 3. Vyuma vya mraba vya milimita 25 vinachomelewa kukatiza milango. Ndipo jeki inasukuma, tena kupita kidogo kipimo kinachotakiwa, maana bati hurudi ukiliachia.

Saa 5. Ukuta mfupi wa bati mbele ya siti ya nyuma, mahali sabufremu inaposhika, umeoza. Kata hadi ufikie chuma safi. Kiraka juu ya kutu hakidumu. Bati jipya la milimita 1.2 linashikizwa kwa nukta za kuchomelea, kila sentimita 3, ukiruka kulia na kushoto ili joto lisivute upande mmoja. Wakati wote huo sabufremu iwe imefungwa mahali pake kama kipimo, baada ya kuihakiki yenyewe kwamba imenyooka.

Saa 8 mchana. Bolti zote ziingie kwa vidole kabla ya yoyote kukazwa. Ikigoma, ichomoe uangalie ndani ya tundu kwa tochi: nyuzi za bolti huacha mkwaruzo unaong'aa. Mkwaruzo ukiwa upande wa mbele wa tundu, bodi inatakiwa isogee mbele. Mafundi wengi hapa huchukua drili na kupanua tundu. Jamani, msifanye hivyo! Sabufremu itacheza kila breki ikishikwa, na magurudumu ya nyuma, yanayotakiwa kuelekea ndani kwa jumla ya milimita 3 tu, yatakuwa yanaelekeza gari upande na kumaliza tairi.

Bushi za mpira, vipande laini vinavyokaa kwenye maungio, zina zamu yake: bolti zake hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya stendi, mpira unajinyonga na kuchanika mapema.

Saa 12 jioni. Bati limepoa, tunapima upya: tofauti milimita 2. Bolti zote zinafunguliwa. Zikitoka kwa vidole, kesho bati lililoshikizwa kwa nukta tunalichomelea kikamilifu.