Kuvuka Feri Siku ya Bamvua

Anayetaka kuijua Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, asitazame kalenda ya ukutani, atazame mwezi. Nilichagua tarehe 16 ya mwezi mwandamo, bamvua, yaani maji makubwa, ikiwa imeshika. Siku kama hizo pwani ya Dar es Salaam maji hukupwa kabisa kuelekea saa nne asubuhi, yakajaa kuelekea saa kumi jioni, na tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hufika kama mita 3. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Juma moja likipita ni maji mafu: bahari haiendi mbali, hairudi kwa nguvu, na nusu ya mambo ninayoyaeleza hapa huyaoni.

Saa kumi na mbili asubuhi soko la samaki la Feri limeshapamba moto. Samaki humwagwa kwa mafungu, dalali hutaja bei ya kuanzia, wachuuzi hupandisha kwa kidole au kwa kutikisa kichwa tu, na ukipiga chafya fungu limekwenda. Mnunuzi wa kitoweo hana haja ya kujitosa pale. Asogee hatua kumi, yule yule aliyenunua fungu anauza kwa mmoja mmoja. Funua mashavu, yawe mekundu na si ya kahawia. Bonyeza mgongo, kishimo cha kidole kifutike. Usihadaike na ngozi, kwa kuwa samaki aliyelala kwenye barafu hung'aa kuliko aliyevuliwa alfajiri; macho ndiyo husema kweli, ya huyu yametuna, ya yule yamezama. Waparaji wako pembeni na visu vyao, unawapa chochote mnachokubaliana, unaondoka na samaki asiye na magamba. Sikununua. Kibua wa asubuhi akizungushwa Kigamboni kutwa nzima bila barafu, jioni ni chakula cha paka.

Pantoni hukata maji kwa dakika chache tu, mkondo wenyewe mwembamba. Kinachokula muda ni kusubiri. Nauli ya mtu mzima ni shilingi 200, unagonga kadi ya N-Card getini. Weka salio kabla ya kufika, maana foleni ya kujaza kadi inaweza kukuachisha pantoni mbili. Nauli ilipopanda kutoka 100 mwaka 2012 kelele zilikuwa nyingi, na wakazi hawajasahau waziri wa ujenzi wa wakati ule aliyewaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Hadi leo mtu akichelewa kazini utasikia, "Nilikuwa napiga mbizi." Geti likifunguliwa, watu hutoka mbio kama wamemwagwa. Usikimbie nao. Wanaokimbia wanawahi siti ya daladala upande wa pili, wewe unayetaka kuona mambo panda ngazi, kaa juu, upande wa kushoto: utaona mdomo wa bandari na meli zinazongoja nje. Wenye magari wana shida yao nyingine siku za bamvua. Maji yakikupwa pantoni hushuka, mlango wake ukalala kwa mwinamo mkali, na gari lenye tumbo la chini hukwaruza. Madereva wazoefu wa gari ndogo huvuka alfajiri au alasiri, ama huzunguka darajani.

Ng'ambo, konda wanaita kwa majina ya vituo, na majina ya Kigamboni yana habari zake. Nilipanda gari la Gezaulole, linalopita Mjimwema na kufuata barabara ya pwani. Gezaulole ni Kizaramo, "jaribu uone." Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa kijiji cha ujamaa, watu wakaletwa kutoka mjini waje kulima, na wakazi wa zamani hulitaja jina hilo kwa kicheko kidogo. Jirani yake ni Mbwamaji, na Mbwamaji ni mkongwe kuliko Dar es Salaam yenyewe. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Mbwamaji ulikuwa mji wa Washomvi, Waswahili wa pwani hii, zamani kabla yake, wenye makaburi ya mawe ya matumbawe. Washomvi husema wazee wao walitoka Barawa, Somalia. Simulizi ya pwani inaendelea kwamba Wakamba walipowavamia, Washomvi walimwomba msaada Pazi, mkubwa wa Wazaramo. Pazi akawafukuza wavamizi, akabaki anadai. Deni likawa ushuru wa kila mwaka, ukaitwa kanda la Pazi, yaani mfuko wa Pazi, na ndani ya kanda hilo mlikuwa na nguo na chumvi. Nguo zilitoka ng'ambo. Chumvi ilikuwa ya hapa hapa, na mtu wa bara aliihitaji kuliko nguo.

Nilifika ufukweni saa tatu na nusu, maji yakiwa yamekwenda mbali, mwamba umeachwa wazi na wanawake wameshainama. Hapa ndipo penye safari. Wanaotanda uduvi huenda wawili wawili na kitambaa kimoja, kila mmoja ameshika pembe mbili, wanatembea kwenye maji ya magotini. Wanaotafuta pweza huenda mmoja mmoja. Nilimsalimu bibi aliyekuwa karibu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na yeboyebo? Haya pita. Ungekuwa na miguu mitupu ningekurudisha."

Alikuwa na sababu: mwamba unakata kama chupa, na penye vidimbwi kuna shokoshoko, wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyama. Angalia unapoweka mguu, usikanyage kwa kishindo.

Pweza hatafutwi kwa kumwangalia pweza, maana anafanana na jiwe alilolalia. Hutafutwa mlango wake. Shimo lenye mawe madogo yaliyopangwa mdomoni kama kizingiti, na makombe matupu mapya yametupwa nje, lina mwenyewe. Shimo lenye majani na mchanga uliotulia limehamwa. Bibi aliingiza mchokoo, fimbo yake ya kuchokolea, taratibu, akausugua, akangoja. Pweza haudhiwi na fimbo, huishika. Akishaishika kwa mikono miwili mitatu, vuta polepole bila kuachia. Ukimkurupusha kwa nguvu hujibandika ndani, utaambulia mkono mmoja uliokatika. Alipotokeza, bibi alimdaka nyuma ya macho, akakipindua kichwa ndani nje kama soksi, basi, amekwisha. Wa pili alikuwa mdogo, wa kiganja. Alimtazama, akamrudisha. Kanuni za uvuvi zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, ila yeye sababu yake ilikuwa fupi zaidi: "Huyu hata sufuria itamcheka."

Hatari ya kazi hii haiji kutoka mbele. Maji yakianza kupanda hayaji kama ukuta kutoka baharini; hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na nchi kavu. Mtu ameinama, mwamba aliosimama ni mkavu, akiinuka mfereji aliouvuka kwenye kifundo umefika kiunoni. Ndiyo maana bamvua ya saa nne, wenyeji huanza kugeuka saa nne na nusu hata kama shimo la mwisho lina mtu.

Pweza akifika nchi kavu hupigwa. Huchapwa kwenye jiwe mara kwa mara, halafu husuguliwa mpaka atoe povu na mikono ijikunje. Asiyepigwa hutafunwa kama mpira wa tairi. Mama lishe wa ufukweni walinieleza mapishi yao: maji kidogo sana sufuriani, kwa sababu pweza hujitolea yake, mfuniko, moto mdogo, saa nzima au karibu. Chumvi haitiwi mwanzoni. Kwanza amekuja nayo, pili supu ikishakauka kidogo huwa chungu na haina dawa. Wengi wanaolalamika kwamba supu ya pweza ya nyumbani haifanani na ya barabarani wamekosea hapo tu.

Chumvi hiyo hiyo utaikuta kisimani. Karibu na bahari maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi, kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima kifupi cha ndoo na kamba huchota tabaka la juu, na kina maji matamu miaka nenda rudi. Anakuja mwenye nyumba mpya, anachimba kirefu akidhani kirefu ndicho bora, anafunga pampu kubwa, anajaza tangi mara moja. Baada ya miezi chai inakataa sukari. Ameshanyonya mpaka tabaka la chini. Ushauri wa mafundi wa huku: pampu ndogo, vuta kidogo kidogo, kipumzishe kisima mchana, na wakati wa kiangazi pima kwa ulimi kila wiki.

Nyumba nazo. Barabara nzima ya kurudi Mjimwema na kuingia Kibada ina viwanja vya tofali, na vingi si vya kuaminiwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6 zenye nguvu. Wa biashara hufika 45 na kuendelea. Zenye nguvu hujulikana: chukua mbili uzigonganishe, zilie kwa mlio mkavu, zisipige bubu, dondosha moja kutoka usawa wa kiuno kwenye mchanga, isipasuke. Kosa la pili ni kuzianika juani zikauke haraka, kumbe zinatakiwa kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. La tatu, baya kuliko yote, ni mchanga wa ufukweni. Ni wa bure na uko karibu, ila una chumvi: plasta hutoka jasho jeupe, humenyuka kuanzia chini, na ndani nondo zinaliwa na kutu kimya kimya. Ukiona nyumba ya kupendeza iliyomenyuka mpaka magotini, umeshajua mchanga wake ulitoka wapi.

Kuna maboma mengine ambayo kosa si la mchanga. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri ramani, na miaka ikapita. Mji ule wa kwenye michoro haukujengwa. Kigamboni ilikatwa kutoka Temeke ikawa wilaya yake, Daraja la Nyerere lenye mita 680 likafunguliwa Aprili 2016, na watu wakajenga kwa kasi kana kwamba wanalipiza. Kibada, palipopimwa viwanja mapema, mitaa imenyooka na unaweza kumwelekeza mtu. Kwingine unaelekezwa kwa mti. "Ukifika kwenye mkorosho kata kulia." Mkorosho umekatwa zamani, lakini ukiuliza bodaboda yeyote anaujua.

Nilisubiri gari la kupita darajani pale Kibada, saa kumi imepita, maji yamejaa. Kijiweni kulikuwa na drafti ya vizibo vya soda, kahawa na kashata. Mara ngoma. Mdundiko wa Kizaramo haukai uwanjani, unatembea: wapigaji mbele, wacheza nyuma, na kila nyumba wanayopita inapungua watu. Siku hiyo alikuwa mwali anatolewa, mama zake wakiwa na kanga sare. Aliyekuwa anafua aliacha beseni. Muuza mihogo alihamisha karai lake akatembea nalo. Wazee wa drafti hawakuinuka, ila mmoja alihesabu wajukuu zake kwa kidole akakuta wamepungua wawili.

Gari lilipofika, konda akaita "Darajani, Kurasini!" na spika ya msikiti ikakohoa: kuna mtoto wa kiume, miaka kama minne, kaptura ya bluu, hana fulana, amefuata ngoma, hajui kwao isipokuwa anasema kwao kuna mbuzi; mwenye naye amfuate kwa mjumbe. Abiria watatu wa Kibada walitazamana. Kisha mama wa siti ya nyuma akagonga bodi. "Shusha, shusha hapo, huyo wangu."