Leo nimekalia Triumph Mayflower!

Kuna maonyesho ya magari ya zamani hapa Coventry, Uingereza, nikapita tu kupunga upepo. Nikaliona: dogo, lakini lina maringo! Kona kali, paa limenyooka, utadhani Rolls-Royce iliyofuliwa ikasinyaa.

Lilitengenezwa mji huu huu, 1949 hadi 1953. Injini ni cc 1247, ya nguvu kidogo tu. Madaha yote yako kwenye bodi.

Mzee mwenye gari akanikaribisha ndani.

Mkono wangu ukashuka wenyewe kutafuta gia.
Hewa tupu.
Mzee akacheka, akagonga usukani: gia iko pale, kijiti chembamba, namba tatu tu za mbele.

Nimekicheza hadi nikaona haya.

Wa enzi za Peugeot 404, nanyi mlikuwa na gia ya usukani. Mliizoeaje?