Dawa ya kikwapa ya nyumbani, Lubumbashi: fomula ya Juni na fomula ya Oktoba

Fomula moja haiwezi kutumika mwaka mzima hapa. Mafuta ya nazi, ambayo ndiyo msingi wa dawa hii, huganda na kuyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Asubuhi za Juni ni baridi kuliko hapo, na mchana wa Oktoba unapita 30. Ndiyo maana mradi huu sasa una vipimo viwili. Vyote ni vya gramu 100, na vinapimwa kwa mizani. Kijiko cha unga kinadanganya, kwa sababu unga uliochekechwa na ulioshindiliwa haulingani uzito.

Ya baridi (Mei hadi Agosti): mafuta ya nazi 40, alizeti 15, nta ya nyuki 5, wanga wa mahindi 32, bikarbonati ya soda (baking soda) 8.

Alizeti iko hapo kulegeza tu. Bila hiyo kopo linakuwa jiwe, na mtu anaishia kukwaruza kwapa kwa vipande vigumu.

Ya joto (Septemba hadi mvua izoee): nazi 46, nta 12, wanga 34, bikarbonati 8. Alizeti inatoka kabisa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo ndiyo inayoshikilia umbo wakati nazi imeshakuwa maji.

Nta ya asali ya msituni huja na masizi na mabaki ya asali. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha igande juu ya maji, kisha kwangua uchafu ulioshika upande wa chini. Ikaushe kabisa. Tone la maji likibaki ndani ya kopo, ukungu una mahali pa kuanzia.

Kuyeyusha: sufuria ya maji juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makaa machache, bakuli la kioo au la enameli ndani yake. Nta kwanza, mafuta baadaye. Usitumie bakuli la shaba, hata kama mji wenyewe umejengwa juu ya shaba: madini hayo yanaharakisha mafuta kuchacha. Nta yote ikishayeyuka, toa bakuli motoni na ungoje.

Hapo kwenye kungoja ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Unga (wanga na bikarbonati) ukiingia mafuta yakiwa ya moto sana, mambo mawili hutokea. Bikarbonati ni nzito kuliko mafuta, kwa hiyo inazama. Juu ya kopo unapata mafuta matupu na chini mchanga unaowasha. La pili halionekani kwa macho: bikarbonati ikipata joto kuanzia nyuzi 50 hivi huanza polepole kugeuka kabonati ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi kwa ngozi. Subiri mafuta yaanze kufifia na kuacha alama nyeupe ukingoni mwa bakuli. Sasa mimina unga, uliokwisha kuchanganywa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi, na koroga bila kusimama hadi uwe mzito kama uji. Juni, unga uliolala jikoni kwenye baridi unagandisha nta papo hapo na kuleta madonge. Uweke juani kidogo kabla. Madonge yakitokea, rudisha bakuli juu ya maji ya moto kwa muda mfupi tu.

Kuhusu viungo: bikarbonati si hamira ya keki (baking powder), ingawa dukani zinakaa rafu moja. Hamira hiyo ina asidi na inatoa povu ikigusa jasho. Ukiwa na shaka kidogo, weka kijiko ndani ya maji ya uvuguvugu: hamira inafoka, bikarbonati inayeyuka kimya. Unga wa muhogo wa fufu usitumie, ule uliovundikwa una harufu yake tayari. Mafuta mekundu ya mawese yanatia shati rangi. Ndimu nayo iache nje: asidi yake inakula bikarbonati, na maji yake kwenye ngozi inayopigwa na jua yanaweza kuunguza.

Harufu ni hiari: matone 10 hadi 15 ya mafuta ya mchaichai, yakiingia mwishoni. Zaidi ya hapo yanawasha.

Dawa hii haizuii jasho. Jasho jipya halinuki. Bakteria wa kwapani ndio wanaoligeuza harufu, na bikarbonati inawafanyia mazingira magumu. Lakini ngozi ina asidi kidogo (pH, yaani kipimo cha asidi, karibu 5) na bikarbonati iko juu ya 8, ndiyo sababu watu wengine wanatoka vipele vyekundu. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku 2. Vipele vikitokea, acha, osha, ngoja ngozi ipone, kisha punguza bikarbonati hadi gramu 3 na ujaze pengo kwa wanga. Usipake mara baada ya kunyoa. Ngozi ikikataa hata hiyo, kipande cha shabu (jiwe la alum) kilicholowanishwa na kupitishwa kwapani kinatosha, ila hicho kina chumvi ya alumini, kwa wanaoikwepa.

Kiasi ni punje ya maharagwe kwa kila kwapa, ichukuliwe kwa kijiti kikavu. Kopo la fomula yenye alizeti lisikae dirishani, na litengenezwe dogo, kwa sababu alizeti inachacha mapema kuliko nazi.