Kulala Ndani ya Msafara

Jana usiku mvua ilinyesha hapa Ohio, Marekani, na mpaka ilipokatika nikalala usingizi wa nyumbani. Trela niliyokodi, nyumba ya kukokotwa na gari, Airstream ya miaka ya 1950, ni alumini tupu iliyopigwa ribiti mstari kwa mstari, na matone yakianguka juu yake ni yale yale ya Tabora kwenye mabati ya bibi. Ila nyumba ya bibi haikuwa na magurudumu.

Nilifika jioni. Mwenye trela, mama mtu mzima wa miaka themanini na ushee, alinipokea na pimamaji mkononi. Nikadhani kuna fundi anakuja. Kumbe nyumba hii ikiinama, friji ya gesi inagoma na mlalaji anabingirika. Tukahangaika na vipande vya mbao chini ya gurudumu mpaka povu likatulia katikati. Ndipo akanionyesha choo: hatua mbili kutoka jikoni! Mimi nimekulia nyumba ambayo choo kiko uani, mbali na chakula. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Asubuhi, akasema, tangi utalimwaga mwenyewe.

Juu ya kitanda pana picha: trela kama hii, nyingi, zimepangwa duara mbele ya piramidi za Giza. Hiyo ni safari ya Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream. Mwaka 1959 aliongoza trela 41 kutoka Cape Town, wakazikokota hadi Cairo, wakafika mwaka uliofuata. Walipita Kongo ya Wabelgiji, ambayo Juni 1960 ilikoma kuwa ya Wabelgiji. Walipita Uganda na Kenya. Kule Ethiopia, mfalme Haile Selassie mwenyewe alikwenda kuzitazama nyumba zao.

Nao waliuita msafara. Neno hilo kwa mtu wa Tabora lina uzito wake, maana mji wetu ulinenepa kwa misafara: Wanyamwezi wakitembea mpaka Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi, pembe begani, miguu peku. Hawa wa Byam walikokota magodoro, majiko na vyoo vyao. Nilicheka peke yangu kitandani.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba miaka ile ile, Mmarekani mweusi akitaka kuvuka nchi yake mwenyewe kwa gari alibeba kitabu cha Victor Green, Green Book, kilichomwambia hoteli ipi itampokea na mgahawa upi utamuuzia chakula. Kilichapishwa tangu 1936 hadi katikati ya miaka ya 1960. Na mwaka 1961 balozi wa Chad, akienda Washington kwa barabara namba 40, aliingia mgahawani Maryland na kunyimwa kahawa kwa sababu ya rangi yake. Balozi! Mwaka huo huo, Desemba, Tanganyika ikapata uhuru. Nasi tukaanza kuleta mabalozi wetu katika barabara hizo hizo. Wale wa trela walikuwa wametoka kulala Afrika nzima, kambi baada ya kambi, wakipokelewa hata na mfalme. Sijui kama kuna hata mmoja wao aliyeliwaza hilo aliporudi kwao. Mimi ndilo lililonikesha mvua ilipokatika.

Leo jioni majirani wa kambi walinialika kula. Karibu sana, wakasema, njoo na kiti chako. Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu ukimwalika mtu halafu akaja na kiti, mtaa utakusema mwezi mzima. Nilikwenda mikono mitupu, nikakuta kweli kila mtu kakalia cha kwake, na mimi nimesimama na sahani ya maharage kama mhudumu.

Yule mama aliniona. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na kiti cha kukunja cha zamani, chepesi, mabomba ya alumini na mikanda ya plastiki ya kijani na nyeupe iliyosukwa. Ni cha marehemu mumewe, akasema. Ndiye aliyetaka sana kwenda ile safari ya Cape Town, na pesa hazikutosha. Nikakalia kwa woga. Mikanda ikalia kidogo, ikanipokea, ikibonyea katikati kama kitanda cha kamba.