Siku Moja Kando ya Mto Charles

Kwetu Pangani tunapiga kafi huku tukitazama tuendako. Kwa hiyo nilipowaona vijana wanane ndani ya chombo chembamba kama ufito, wote wameipa mgongo safari yao, nilicheka peke yangu pale darajani.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, baridi kali. Alfajiri nilitoka kwa shemeji yangu Worcester kwa treni hadi South Station, Boston, kisha nikapanda Red Line, treni ya mjini, mpaka Harvard. Shemeji alinishangaa: "Yaani unaamka usiku wote huo kwenda kutazama banda la mitumbwi?" Nilimwambia kuna mashindano ya makasia pia, Head of the Charles, yaliyoanza mwaka 1965. Ila alikuwa amenishika. Nilifuata banda.

Mbio zenyewe ni za kukimbizana na saa. Vyombo huachiwa kimoja baada ya kingine, vikapanda mto karibu kilomita 5, na penye daraja la waenda kwa miguu la Weeks pana kona mbaya. Anayeona mbele ni mmoja tu, mshika usukani, kijitu kidogo chenye sauti kubwa. Mmoja alichelewa kukata kona, makasia ya upande mmoja yakakaribia kupiga nguzo. Watu wote darajani tulipiga ukelele, kama tulikuwa na hisa.

Nikavuka daraja la Anderson kuelekea Newell, lile banda nililolifuata, jengo la mwaka 1900. Hapa ndipo Harry Parker alipofundisha vijana wa Harvard kuanzia 1963, akiwa na miaka 27, hadi alipofariki Juni 2013. Miaka hamsini, mto mmoja! Katika mbio zao za maili 4 dhidi ya Yale, vijana wake walishinda miaka 18 mfululizo, na kwa jumla mara 44 kati ya 51.

Kabla ya hapo alikuwa mvuta makasia mwenyewe. Alijifunza chuo cha Pennsylvania, alikosomea falsafa, chini ya Joe Burk, bingwa wa zamani aliyegeuka kocha. Mwaka 1959 Parker alitwaa dhahabu ya mashindano ya mabara ya Amerika kule Chicago, katika chombo cha mtu mmoja. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Roma, akawa wa tano. Mimi hiyo nafasi ya tano ndiyo inayonivuta. Aliyeambulia patupu Roma akarudi na shaba Montreal mwaka 1976, wanawake walipoingizwa kwa mara ya kwanza kwenye makasia ya Olimpiki: kocha wa wale wanane wa Marekani alikuwa yeye.

Alikuwa mchache wa maneno, tena alipanda ngazi za uwanja wa Harvard mbio pamoja na vijana wake. Uwanja uko jirani tu. Nilijaribu kuzihesabu ngazi kwa macho, nikaacha.

Mlango wa Newell ulikuwa wazi. Nilisogea nichungulie, mara wakatoka wanane wamebeba chombo mabegani, kama wavuvi wetu wanapopandisha ngalawa ufukoni, na kijitu kidogo nyuma yao kikanifokea nipishe. Nikaruka pembeni, mguu ukaingia topeni hadi kwenye kifundo.