Mpira wa Mtungi, Mita 18

Ilikuwa Februari, kaskazi imetulia, na pingu ya boya letu nje ya mwamba wa Nyali ilikuwa imelika kutu. Ni kazi ya dakika 10 tu, mita 18 chini. Nikavaa mtungi wa hewa wa lita 12.

"Washuka na nani?" nahodha akaniuliza.

"Peke yangu. Mimi si mwalimu wa kuzamia?"

Jibu la kipuuzi. Kadi ya ualimu yakuruhusu kufundisha, haikufundishi kujiokoa. Tena mwalimu aliye chini na wanafunzi wanne wa siku ya kwanza tayari yuko peke yake: hewa ikimwishia, hapana kati yao wa kumfaa.

Nilikuwa nakaza waya wa pingu mpya niliposikia mlio nyuma ya kisogo, kama maji yaliyodondokea mafuta ya bhajia. Mpira mdogo kati ya valvu na regulata, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, ulikuwa umechomoka. Ulikuwa umekauka, asubuhi niliuona ukitoa viputo viwili vitatu, nikasema utashika. Geji ya shinikizo la mtungi ilisoma baa 130 na yashuka huku naitazama. Ukiwa na mtungi mmoja, kufunga valvu ni kujinyima pumzi. Nikapanda mita 9 kwa dakika, nikijizuia nisivikimbilie viputo. Kufika mita 5 zilibaki baa 30. Kile kituo cha dakika 3, cha kusubiri mwili utoe gesi kabla ya kutokeza juu, nikakiruka. Kwa dakika 12 za kina kile ni tahadhari, si lazima.

Nahodha alikuwa ameshawasha injini. Aliona maji yakichemka kando ya boya.

Baadaye nikaenda kusomea. SDI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, wana kozi ya kuzamia peke yako tangu 1999. Huingii bila umri wa miaka 21 na mizamio 100. Iliyonikaa ni hesabu. Nikiwa kazini navuta lita 20 za hewa kwa dakika, kwa kipimo cha juu ya maji. Mita 18 shinikizo ni baa 2.8, basi lita 56. Mtungi wa akiba wa lita 3 uliojazwa baa 200 una lita 600: dakika 10 na ushei, kwa regulata na geji zake zenyewe.

Mwanzoni regulata hiyo niliichomeka ubavuni, nikaipapasa muda mrefu katika maji machafu ya kusi. Sasa naining'iniza shingoni kwa kitanzi cha mpira, chini ya kidevu, valvu iko wazi tangu botini.